Kigari cha Gofu Kinapogeuka Gari

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tunaamini kwamba chombo kikiwa kidogo, tena cha umeme, mambo ya usajili hayakihusu. Kaka yangu anafanya kazi Florida, kule Marekani, na mtu mmoja alimwambia hivyo hivyo alipotaka kumuuzia kigari cha gofu kilichotumika: hakina makaratasi, wewe chaji tu uondoke. Kaka alikitaka cha kwendea kazini. Nyumbani wanaamini mwanachuo ana muda wa kusoma kila kitu, basi kazi ya kupitia sheria nikapewa mimi.

Kumbe sheria ya kule haianzi na umeme. Inaanza na spidi. Mwaka 1998 serikali kuu ya Marekani iliweka daraja jipya la vyombo: gari la mwendo mdogo. Lina magurudumu manne, na spidi yake ya juu inazidi maili 20 kwa saa lakini haivuki 25, yaani kama kilomita 32 hadi 40. Uzito wake pamoja na mzigo lazima uwe chini ya pauni 3,000.

Gari la namna hiyo linatakiwa liwe na taa za mbele na za breki, indiketa, vioo vya kutazamia nyuma, kioo cha mbele, breki ya kuegeshea, mikanda na namba ya utambulisho. Florida inadai pia usajili, hati ya umiliki, bima, na dereva mwenye leseni. Na bado haliingii kila mahali: mwisho wake ni barabara ambazo kikomo cha mwendo hakizidi maili 35.

Kigari cha gofu chenyewe, ambacho hakivuki maili 20, hakisajiliwi na jimbo. Hapo muuzaji alisema kweli, ila aliishia njiani. Kigari hicho kinapita kwenye barabara za umma zilizotengwa rasmi kwa ajili yake tu. Tena tangu Oktoba 1, 2023, aliye chini ya miaka 18 hakiendeshi bila leseni au kibali cha kujifunzia udereva, na mwenye 18 au zaidi awe na kitambulisho cha serikali chenye picha.

Nikamuuliza kaka: hicho kinakimbia ngapi? Akajibu kwa furaha kwamba fundi alikichezea mota, kinafika maili 24. Basi hapo kimeshatoka daraja la gofu! Kabla ya kuingia barabarani kinatakiwa kifungwe vifaa vyote nilivyotaja, kikaguliwe, kipewe namba na kisajiliwe. Bila hayo hapati bima inayotakiwa, na akimgonga mtu, deni lote linaweza kumwangukia yeye, na mshahara wake ndio unaomlipia mdogo wetu ada.

Nasi hapa chuoni wapo wanaopendekeza vigari vya umeme vya kuwabeba wenzetu wenye ulemavu kutoka hosteli hadi madarasani. Wazo zuri, naliunga mkono. Lakini kabla ya kuchangishana, tuulize: kinakimbia ngapi? Kina namba ya chasi? Kitavuka barabara ya umma? Nani ataruhusiwa kukiendesha, na bima ni ya nani? Majibu ya hapa yatatoka kwenye sheria zetu, si za Florida. Ila maswali ni yale yale, na ni rahisi kuyauliza kabla hela haijatoka.