Cheti cha ISO 14001: Kampuni inapata nini hasa?

Mei 2019 serikali ya Tanzania iliupiga mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, faini ya Sh5.6 bilioni. Kosa: uchafuzi wa mazingira kutoka kwenye bwawa la topesumu.

Haikuishia hapo. Julai mwaka huohuo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) likauzuia mgodi kutumia bwawa hilo. Na mgodi wa dhahabu usio na pa kumwaga tope hauwezi kuendelea kuchenjua kwa muda mrefu.

Septemba 2019 kampuni ya Barrick iliichukua Acacia, iliyokuwa inauendesha mgodi huo, na zuio likaondolewa. Miaka iliyofuata Barrick ikatangaza kwamba North Mara imepata cheti cha ISO 14001.

Sasa swali. Kampuni ikishaumia hivyo, karatasi yenye maneno "ISO 14001" inaisaidia nini? Ni kinga kweli, au ni pambo la kutundika mapokezi? Majibu haya hapa.

ISO 14001 ni kitu gani?

Ni kiwango cha kimataifa kinachoeleza namna ya kupanga na kuendesha mambo ya mazingira ndani ya kampuni. Kimeandikwa na Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), lenye makao makuu Geneva, Uswisi. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1996, kikafanyiwa marekebisho 2004, kisha makubwa zaidi 2015. Mwaka 2024 kiliongezewa kipengele kinachoitaka kampuni ijiulize kama mabadiliko ya tabianchi yanaigusa.

Takwimu za ISO zinaonyesha kuwa mwaka 2022 vyeti hai vya ISO 14001 duniani vilizidi 500,000. Kwa hiyo si jambo la migodi tu. Wapo viwanda vya saruji, hoteli, bandari, kampuni za simu, hata ofisi za serikali.

Watu wengi hapa wanachanganya mambo mawili. ISO 14001 haisemi kiwanda kitoe moshi kiasi gani au majitaka yawe na kemikali kiasi gani. Viwango hivyo vinawekwa na sheria za nchi. ISO 14001 inauliza kitu kingine: je, mnajua mnachafua nini, wapi, na nani anasimamia? Na mna utaratibu gani wa kupunguza?

Kwa lugha rahisi, ni mfumo. Cheti ni uthibitisho kwamba mtu wa nje amekuja, akaukagua, akaukuta unafanya kazi.

Unafanyaje kazi?

Kila kitu kinazunguka kwenye hatua nne: panga, tenda, kagua, rekebisha. Halafu unaanza upya.

Tuchukulie kiwanda cha juisi cha kufikirika.

Panga. Wanakaa na kuorodhesha kila kinachogusa mazingira: maji ya kuoshea matunda, umeme, maganda, chupa za plastiki, mafuta ya jenereta, majitaka. Wanaangalia sheria zinazowahusu. Wanachagua yale makubwa na kujiwekea malengo yenye namba na tarehe.

Tenda. Wanagawa majukumu kwa majina. Wafanyakazi wanafundishwa. Wanaandaa mpango wa dharura, kwa mfano dizeli ikimwagika usiku nani anafanya nini.

Kagua. Wanapima. Maji yametumika lita ngapi kwa kila lita ya juisi? Wanajikagua wenyewe kwanza, kisha uongozi wa juu unakaa na matokeo.

Rekebisha. Palipokosewa panatafutiwa chanzo, siyo mtu wa kulaumiwa tu.

Baada ya hapo ndipo wanaitwa wakaguzi wa nje. Wanakuja kwa awamu mbili: ya kwanza kuangalia nyaraka na utayari, ya pili kuingia kiwandani, kuongea na wafanyakazi na kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachofanyika. Kampuni ikifaulu, cheti kinadumu miaka mitatu. Lakini kila mwaka wakaguzi wanarudi. Ukizembea, unanyang'anywa.

Faida ya 1: Pesa iliyokuwa inavuja

Hii ndiyo huonekana mapema, kwa sababu mfumo unakulazimisha kupima vitu ambavyo ulikuwa unalipia tu bila kuuliza.

Piga hesabu mwenyewe. Bomba linalovuja lita 1 kwa dakika linapoteza lita 1,440 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 525,600. Hilo ni bomba moja tu, na kila mtu kiwandani analipita.

Au taa 40 za wati 50 zinazoachwa zinawaka usiku saa 10 bila kazi. Hizo ni uniti 20 kila usiku, sawa na uniti 7,300 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya umeme mnayolipa.

Taka nazo ni hivyohivyo. Kila gunia linaloenda dampo ni malighafi mliyoinunua, mkalipa kuichakata, halafu mnalipa tena kuitupa. Ukishaanza kupima, maganda yanaweza kuwa chakula cha mifugo na maboksi yakapata mnunuzi.

Faida ya 2: Kukaa upande salama wa sheria

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tathmini ya Athari kwa Mazingira na ukaguzi wa mazingira ni vya lazima kwa miradi inayotajwa na sheria. ISO 14001 ni hiari, na haichukui nafasi ya vibali hivyo.

Inachofanya ni kuilazimisha kampuni iwe na orodha ya sheria zote zinazoihusu, ijikague kama inazitimiza, na kuweka ushahidi. Kibali kinachokaribia kuisha kinaonekana kabla hakijaisha. Siku NEMC wakibisha hodi, hakuna kukimbizana kutafuta mafaili.

Na gharama ya kutojua ni kubwa. Mfano wa jirani zetu: kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilichoathiriwa na sumu ya risasi kutoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Rufaa zikafuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshafungwa tangu 2014. Yaani biashara ilikufa mapema, kesi ikaishi miaka kumi mbele. Na watoto waliobaki na risasi mwilini hakuna fidia ya kuwarudishia afya yao.

Faida ya 3: Kufungua milango ya wanunuzi

Mwaka 1999 Ford na General Motors za Marekani ziliwataka wasambazaji wao wa vipuri wapate ISO 14001, na kuwapa muda wa miaka michache. Kiwanda cha vipuri hata kiwe mbali vipi kilijikuta na chaguo moja: pata cheti au tafuta mteja mwingine.

Mtindo huo haujaisha. Kampuni kubwa inayonunua kahawa, nguo au madini inaulizwa na wateja wake bidhaa imetoka wapi na imezalishwaje. Naye anakugeuzia wewe swali hilohilo. Badala ya kujaza dodoso la kila mnunuzi kuanzia mwanzo, cheti kinajibu sehemu kubwa ya maswali kwa mara moja. Kwenye zabuni pia, mara nyingine kinaombwa waziwazi au kinaongeza alama.

Faida ya 4: Mikopo na bima

Anayekukopesha anataka kujua kama utakuwepo miaka kumi ijayo kulipa deni. Kiwanda kinachoweza kufungwa kesho kwa sababu ya majitaka ni mkopaji hatari.

Ndiyo maana IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi, linazitaka kampuni inazozikopesha ziwe na mfumo wa kusimamia athari za kimazingira na kijamii. Haisemi lazima uwe ISO 14001. Lakini kampuni ambayo tayari ina mfumo huo haianzi sifuri.

Faida ya 5: Wafanyakazi na majirani

Mfumo ukitekelezwa vizuri, yule dada wa zamu ya usiku anajua harufu fulani ikitokea ampigie nani, na anajua hatafukuzwa kwa kuripoti. Majirani nao wanakuwa na mahali rasmi pa kupeleka malalamiko, na malalamiko yanaandikwa na kujibiwa. Mgogoro mdogo unamalizwa kabla haujafika kwa mkuu wa mkoa au mahakamani.

Lakini cheti si malaika

Hapa tuwe wakweli. Septemba 2015 ilibainika nchini Marekani kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari yake ya dizeli. Hii ni kampuni ambayo viwanda vyake vilikuwa na vyeti vya mifumo ya mazingira kwa miaka mingi.

Iliwezekanaje? Kwa sababu mkaguzi wa mfumo anaangalia utaratibu wa usimamizi, mahali na shughuli zilizotajwa kwenye cheti. Hafungui kila injini. Uongozi ukiamua kudanganya, karatasi haiwezi kuuzuia.

Ugonjwa wa pili ni mfumo wa kwenye mafaili. Bosi anamlipa mshauri, mshauri anaandika nyaraka nzuri, wiki moja kabla ya ukaguzi watu wanafagia na kubandika matangazo. Mkaguzi akiondoka, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kampuni ya namna hiyo inalipia cheti bila kupata hata moja kati ya faida tulizozitaja, labda ile ya zabuni tu.

Na kuna gharama: ada za wakaguzi, mafunzo, vifaa vya kupimia, muda wa wafanyakazi. Kwa karakana yenye watu wanane, inaweza isilipe. Habari njema ni kwamba kiwango kinaruhusu kukifuata bila kutafuta cheti. Zile hatua nne hazina hakimiliki. Anza na daftari, mita ya maji na bili ya umeme. Mnunuzi akija kudai cheti, utakuwa umeshafika nusu ya safari.

Jinsi ya kujua cheti ni cha kweli

Ukiambiwa kampuni "imethibitishwa na ISO", shtuka kidogo. ISO yenyewe haitoi vyeti kwa mtu yeyote. Inaandika viwango tu. Vyeti vinatolewa na taasisi za uthibitishaji.

Omba nakala ya cheti kisha angalia:

- Nani amekitoa? Lazima kuwe na jina la taasisi ya uthibitishaji.
- Nani anaisimamia taasisi hiyo? Inatakiwa iwe imepewa ithibati na chombo kinachotambulika, kama KENAS ya Kenya au SADCAS inayohudumia nchi za SADC ikiwemo Tanzania.
- Kinahusu wapi na nini? Kampuni inaweza kuwa na matawi matano na cheti cha tawi moja. Cheti cha ofisi ya mjini hakisemi lolote kuhusu kiwanda cha mkoani.
- Kinaisha lini? Zaidi ya miaka mitatu tangu kitolewe, hakina kazi.

Pia unaweza kutafuta jina la kampuni kwenye IAF CertSearch, kanzidata ya mtandaoni ya vyeti vilivyotolewa chini ya ithibati. Simu yako inatosha.

Kwa hiyo?

Kampuni inafaidika na ISO 14001 pale inapoutumia mfumo kila siku, siyo siku ya mkaguzi. Inaokoa maji, umeme na malighafi, inakwepa faini, inashika wateja wanaouliza maswali magumu.

Na kama wewe siyo mwenye kampuni bali unaishi jirani na kiwanda, cheti kinakuhusu pia. Kampuni iliyonacho imeahidi mbele ya mkaguzi kwamba itatimiza sheria na itazidi kupunguza uchafuzi. Mfereji ukibadilika rangi, andika malalamiko, weka tarehe, ambatisha picha, baki na nakala. Peleka kwa kampuni, na nyingine NEMC. Kisha ulize taasisi iliyotoa cheti ni ipi, uipelekee pia. Kampuni inaweza kulikalia lalamiko lako, lakini mkaguzi akija mwaka ujao akiwa na nakala mkononi, itabidi lijibiwe.