Mtoto Mmoja Si Wako: Kisanduku Kidogo, Taabu Kubwa

Mwezi huu tuongee kidogo habari za kompyuta. Usigeuze ukurasa, mama. Jambo hili linamhusu hata yule ambaye hajawahi kugusa kibodi.

Mwaka 2009 nilikuwa najifunza kompyuta mjini Jinja. Nikapewa kazi ya kujitolea: kuingiza watoto wanaohitaji karo katika Microsoft Access, programu ya kutunza orodha. Nikatengeneza fomu yenye visanduku vya jina, mzazi, tarehe ya kuzaliwa na simu. Nilipomaliza kujaza, nikatia faili kwenye flashi, nikapanda teksi mpaka Mbale, ambako orodha ilichapishwa.

Wiki mbili baadaye mama mmoja akanijia analia. "Mwanangu, wananiambia mtoto mmoja si wangu!"

Nikatazama karatasi. Wa kwanza alizaliwa 1 Oktoba 2001, wa pili 3 Aprili 2002. Miezi sita tu! Lakini kadi za kliniki zilisema 10 Januari 2001 na 4 Machi 2002. Wa tatu, wa 25 Julai 2004, tarehe yake ilikuwa sawa kabisa.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Access hufuata mpangilio wa tarehe wa Windows. Mashine ya Jinja ilipangwa Kimarekani, mwezi kwanza. Nilipoandika 10/01/2001, yenyewe ikaelewa Oktoba. Mashine ya Mbale ilipangwa Kiingereza, siku kwanza, ndiyo ikafichua. Na yule wa tatu je? Hakuna mwezi wa 25, basi kompyuta ikageuza yenyewe na kupata sawa. Ndiyo maana kosa hili hujificha: linapiga siku za 1 mpaka 12 tu.

Tulifanya hivi. Kwanza tulinakili faili. Tukarekebisha mpangilio wa tarehe katika Windows. Lakini hiyo haisahihishi yaliyokwisha kuingia, kwa hiyo tukapitia kadi moja moja. Tangu siku hiyo naandika mwezi kwa herufi: 10-Jan-2001. Hapo hakuna wa kubishana.

Nyie mnaoanza, mtakutana na haya pia:

Kisanduku kinaonyesha #Name? Usihangaike kuchapa. Fomu ni dirisha tu. Vitu vyenyewe viko ndani ya jedwali. Huenda mtu amebadilisha jina la safu kwenye jedwali, na kisanduku bado kinatafuta jina la zamani. Fungua sifa za kisanduku, mahali pa Control Source, uchague jina jipya.

Simu inapoteza sifuri ya mbele. Safu imewekwa kuwa ya namba, na kwa kompyuta 077 ni 77 tu. Ibadilishe iwe ya maandishi. Simu hatuijumlishi, ya nini kuiita namba? Halafu rudisha sifuri zilizokwisha kupotea.

Kisanduku hakikubali kuandika. Angalia kama Locked imewekwa Yes, au kwenye fomu nzima Allow Edits imewekwa No. Na kama faili umelifungua moja kwa moja kwenye sidii, linakili kwanza kwenye kompyuta.

Sasa wazazi. Mwaka 2018 wakimbizi nchini Uganda walihakikiwa upya kwa alama za vidole na macho. Lakini kidole hakisemi ulizaliwa mwezi gani. Hilo linachapwa na mtu, na mtu huchoka. Basi usiondoke mezani kabla hujamwomba anayeandika, kwa upole, akusomee tena: majina yote, na mwezi kwa jina lake, si kwa namba. Na kadi ya kliniki itunze vizuri.

Yule mama karo aliipata, ila muhula ulikuwa umekwisha anza. Mtoto alikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya kisanduku kimoja.