Magma yenye Potasiamu Nyingi: Somo la Volkano kwa Mwalimu wa Kiswahili

Katika somo la tafsiri muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu habari fupi kuhusu mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, uliotokea jioni ya tarehe 22 Mei 2021 karibu na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Sarufi haikuwasumbua. Kilichotusumbua sote ni swali la mwanafunzi mmoja: "Mwalimu, kwa nini zaha ya Nyiragongo hukimbia, na vitabu vya jiografia vinasema zaha aghalabu hutambaa polepole?" Sisi walimu wa lugha hatukuwa na jibu. Ilitubidi twende tukasome, na makala haya ni matunda ya kusoma huko. Tumeona tuwashirikishe wasomaji wetu, kwani jibu lenyewe linagusa kemia, usalama wa watu, na pia kazi yetu ya istilahi.

Istilahi kwanza

Magma ni mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi. Ukishatoka nje huitwa zaha. Kitu kikubwa katika magma ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni. Wanafunzi waangalie hapa, maana Kiswahili kina silika nyingine yenye maana ya tabia ya kuzaliwa nayo. Hizo ni homonimu, hazina uhusiano wowote.

Potasiamu ni metali ambayo alama yake katika kemia ni K. Alama hiyo inatokana na jina la Kilatini, kalium, ambalo nalo lina asili ya Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Neno alkali limetoka huko huko. Waluhya wa magharibi mwa Kenya huchuja majivu ya mimea na kupata maji ya chumvi ya kulainishia mboga. Kazi hiyo hufanywa hasa na chumvi za potasiamu. Tusizichanganye na magadi, ambayo ni chumvi ya sodiamu.

Tatu, mbili, moja

Zaha ya kawaida ya aina ya basalti ina silika karibu asilimia 50, na oksidi ya potasiamu mara nyingi haifiki asilimia 1. Zaha ya Nyiragongo ina silika karibu asilimia 40 tu, na oksidi ya potasiamu karibu asilimia 5. Sodiamu yake pia ni nyingi. Kwa ufupi, ni magma yenye alkali nyingi na silika haba.

Magma ikianza kupoa, potasiamu hutafuta wa kuungana naye ili kufanya madini. Kila chembe moja ya potasiamu huchukua chembe moja ya alumini. Tofauti huja kwenye silikoni. Silika ikiwa ya kutosha, potasiamu huchukua chembe tatu za silikoni, nayo madini huitwa felspa. Silika ikipungua, huchukua mbili, tukapata madini meupe yaitwayo lusaiti. Ikipungua zaidi, huchukua moja tu, tukapata kalsilaiti. Hivyo mtaalamu akiokota jiwe la Virunga na kuona lusaiti au kalsilaiti ndani yake, hujua mara moja kwamba magma iliyozaa jiwe hilo ilikuwa na upungufu wa silika.

Kwa nini hukimbia

Ndani ya magma, silika hushikana na kufanya minyororo. Minyororo ikiwa mingi, magma huwa nzito kama asida tunayokula hapa Juba. Ikiwa michache, huwa nyepesi kama uji. Potasiamu na sodiamu huzidi kuikata minyororo hiyo. Nyiragongo basi ni volkano ya uji, tena uji wa moto ulio juu ya mlima wenye kimo cha meta 3,470 na miteremko mikali.

Matokeo yake yalionekana tarehe 10 Januari 1977. Ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la zaha lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kwa makadirio, mahali penye mteremko zaha ilikwenda kasi ya kilomita 60 kwa saa. Watu wengi wa vijijini hawakuwahi kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ufa ulifunguka kutoka mlimani hadi karibu na Goma, zaha ikapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walipoteza makazi. Mwaka 2021 zaha ilisimama ukingoni mwa mji, lakini watu wapatao 30 walikufa. Wakazi wengi walianza kukimbia baada ya kuona anga limekuwa jekundu, kwani hawakuwa wamepata onyo lolote kabla ya hapo.

Potasiamu hii hutoka wapi?

Chini ya gamba la dunia, katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, kuna miamba mikongwe ambayo kwa zama nyingi imepenyezwa na vimiminika vyenye potasiamu, maji na kaboni dioksidi. Potasiamu hiyo imehifadhiwa hasa katika aina fulani ya ulanga. Joto likipanda kidogo, ulanga huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuyeyuka. Ni kama nyama yenye mafuta kwenye moto mdogo: mafuta hutoka kwanza, nyama ikabaki. Kwa kuwa ni sehemu ndogo tu ya mwamba inayoyeyuka, magma inayopatikana hujaa potasiamu na gesi.

Gesi hiyo haisubiri mlipuko. Kaboni dioksidi hupenya kwenye nyufa za ardhi siku zote. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, hukusanyika mabondeni, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Mbuzi huingia bondeni wakafa. Mtoto huwa hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Waswahili wa Goma na Sake hupaita mahali kama hapo mazuku.

Majina yetu katika sayansi

Neno mazuku sasa limo katika maandishi ya wataalamu wa volkano duniani, bila kutafsiriwa. Nalo si peke yake. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika miaka ya 1930 na 1940, mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes alieleza miamba ya ajabu yenye potasiamu nyingi, akaipa majina ya mahali: katungaiti kutokana na Katunga, mafuraiti kutokana na Mafuru, na ugandaiti kutokana na Uganda yenyewe. Mwaka 1974 Sahama wa Finland alichukua mianzo ya majina hayo matatu akaunda jina la kundi zima, kamafugaiti. Wanafunzi wa mofolojia wataona mara moja kwamba huo ni uhulutishaji, njia ile ile iliyotupa chajio kutokana na chakula cha jioni. Na jina kalsilaiti limeundwa kwa alama za kemia: K, Al na Si.

Sisi wa Juba tunahusikaje?

Juba haina volkano. Lakini maji yanayoshuka upande wa kaskazini wa Virunga huingia Ziwa Edward, yakafuata mto Semliki hadi Ziwa Albert, kisha yakaja kupita hapa kwetu katika Bahr el Jebel, yakiwa yamebeba chumvi zilizoyeyushwa kutoka miamba hiyo. Miamba hiyo hiyo inapooza hutoa udongo wenye rutuba, kwani potasiamu ni chakula cha mimea. Ndiyo sababu watu hulima na kujenga karibu na mlima unaowatisha.

Tena Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Mwanafunzi wetu anaweza kesho kuwa mkalimani au mtangazaji kati ya watu wa Goma. Hapo ndipo tunapoona uzito wa istilahi. Mtangazaji akisema "kuna ongezeko la kaboni dioksidi katika maeneo ya chini", amesema kweli, lakini mama mwenye watoto huenda asijue afanye nini. Akisema "kuna mazuku bondeni, msilaze watoto chini", ameokoa nyumba nzima.

Hitimisho

Aghalabu tunawafundisha wanafunzi kwamba istilahi hutoka kamusini kwenda kwa watu. Mazuku imekwenda njia nyingine: imetoka kwa wafugaji na wakulima wa Kivu, ikapanda hadi kwa wanasayansi, nasi walimu wa Kiswahili wengi wetu hatukuwa tunaijua. Tunawaomba walimu wenzetu, mnapotoa zoezi la tafsiri la kisayansi, muulize kwanza wenyeji wa jambo hilo wanaliitaje. Yule mwanafunzi aliyetuuliza swali tumempa jibu lake. Naye ametuahidi kutukusanyia maneno ambayo watu wa kwao huyatumia kwa mafuriko ya Nile. Tutayachapisha yatakapokuwa tayari.