Pumba tupu hazikuzi samaki

DARAJA la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, lilichukua nafasi ya kivuko cha Mto Kilombero. Jina la Kivukoni limebaki, na katika bonde hili mazungumzo ya riziki bado hayaachi mambo mawili: mpunga na samaki.

Kwa mfugaji wa samaki wa Ifakara, mpunga unaonekana kuwa bahati. Kila mashine ya kukoboa inaacha pumba, na pumba ni chakula cha bei nafuu. Tatizo linaanza pale anapodhani kuwa pumba pekee zinatosha. Miezi sita au zaidi inapita, bwawa linavuliwa, na perege wanaotoka ni wa ukubwa wa kiganja. Mnunuzi anataka samaki wa kujaza sahani. Pumba zimekwisha na mtaji haujarudi.

Wakati mwingine sababu ni samaki kuzaliana mno na kujazana bwawani. Lakini mara nyingi kinachokosekana ni protini, ambayo ndiyo inayojenga nyama.

Perege au sato wachanga wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 35 hadi 40. Wakishakua kidogo, asilimia 25 hadi 30 inatosha. Pumba laini za mpunga, zikiwa nzuri, zina asilimia 12 hivi. Zikichanganyika na maganda hupungua zaidi, kwani maganda humjaza samaki tumbo bila kumnenepesha.

Kuchanganya nyumbani

Pengo hilo huzibwa kwa dagaa, mashudu ya alizeti au soya. Dagaa safi wasio na mchanga wana protini ya asilimia 55 hivi au zaidi, na mashudu ya alizeti karibu 25. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwa sababu ikiwa mbichi ina kemikali inayozuia samaki kumeng'enya protini.

Kwa samaki wanaokua, mfugaji anaweza kuchanganya pumba laini kilo 40, mashudu ya alizeti kilo 30, dagaa waliosagwa kilo 25 na unga wa muhogo kilo 5 wa kushikiza. Anapata kilo 100 zenye protini ya asilimia 26 hivi.

Wapo wanaotafuta nafuu katika majani ya mlonge na ya muhogo. Mtafiti Nazael Madalla aliyapima kwa sato katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, mwaka 2008. Majani hayo yanafaa kwa kiasi kidogo tu. Yakizidi, ukuaji unashuka.

Vitamini za dukani

Mfugaji asikimbilie pakiti za vitamini na madini kabla ya kuangalia rangi ya maji yake. Pakiti hizo zina kazi kubwa kwenye vizimba na matangi, ambako samaki hutegemea chakula cha kupewa tu. Katika bwawa la udongo lenye samaki wa wastani, vijimea na vijidudu vya majini huwapa sehemu kubwa ya vitamini hizo. Vinaletwa na samadi iliyowekwa kwa kipimo.

Kupima ni rahisi. Mfugaji azamishe mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rangi inatosha. Kikionekana hata baada ya hapo, bwawa lina njaa. Kikipotea mapema sana, samadi isimamishwe.

Chakula kilichoharibika

Pumba zina mafuta, na katika joto na unyevu wa Kilombero huchacha upesi. Mashudu na soya vikipata ukungu huweza kubeba sumukuvu, ambayo hudhoofisha samaki na hata kuwaua. Ni bora kununua kiasi cha wiki chache, kukihifadhi juu ya chanja pakavu, na kutupa chenye uvundo.

Kipimo nacho ni fedha. Samaki 500 wenye gramu 50 kila mmoja wana jumla ya kilo 25. Wakilishwa asilimia 4 ya uzito wao, wanahitaji kilo 1 kwa siku, igawanywe saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kinachobaki juu ya maji ni hasara, na kikizama kinachafua bwawa.

Kila mwezi mfugaji avue samaki wachache, awapime na kuandika daftarini. Mwisho wa msimu agawanye kilo za chakula alichotumia kwa kilo za samaki alizovuna. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwambia kama gunia la pumba la bei nafuu lilikuwa nafuu kweli. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na samaki hanenepi siku ya kuvuliwa.