Je, Wajua Damu Hueleza Moyo Utapona Vipi?

Moyo ukipata mshtuko, vipande vya misuli yake huingia kwenye damu na kubaki humo kwa siku kadhaa. Kinachopimwa zaidi kati ya vipande hivyo ni troponini, protini ambayo Mjapani Setsuro Ebashi aliitambua katika miaka ya 1960 alipokuwa akichunguza namna kalsiamu inavyoendesha misuli. Inafanya kazi kama komeo. Kalsiamu ikiigusa, nyuzi za misuli huachiwa zivutane na moyo hupiga. Kalsiamu ikiondoka, nyuzi hulegea. Troponini ya moyo ina umbo lake, tofauti na ile ya misuli ya mkono au mguu, ndiyo maana maabara huweza kuibaini.

Mshipa unaolisha moyo ukizibwa na damu iliyoganda, seli za misuli hukosa oksijeni, hufa na kupasuka. Baada ya saa tatu au nne hivi troponini huanza kuonekana. Hupanda kwa kasi, kisha hushuka polepole kwa wiki moja hadi mbili.

Kushuka huko polepole ni bahati kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa, aliye mbali na hospitali kubwa. Chukua mkulima aliyebanwa kifua wakati anapulizia dawa mikorosho. Amedhani ni vidonda vya tumbo, amemeza dawa, amelala. Siku ya tatu anahema hata akiwa amekaa, ndipo ndugu wanampakia kwenye bodaboda kumpeleka hospitali ya wilaya. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12 za mwanzo, na hizo zimeshapita. Lakini troponini bado imo, na ugonjwa wake bado unaweza kupata jina.

Kukosa jina ni tatizo la kweli hapa nchini. Mwishoni mwa muongo uliopita, watafiti katika hospitali ya KCMC, Moshi, waliwapima wagonjwa 681 waliofika kitengo cha dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kati yao, 152 walikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi hawakuwa wametajiwa ugonjwa huo na waliowahudumia.

Hata hivyo, troponini inahusu kilichokufa. Ikipanda sana, kwa kawaida eneo lililoharibika ni kubwa. Atakayepona vizuri na atakayebaki na moyo dhaifu hutegemea pia misuli iliyosalia, na hiyo ina kipimo chake: BNP, homoni ambayo Wajapani waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1988, kumbe kiwanda chake kikuu ni moyo wenyewe. Kuta za moyo zikivutwa na mzigo wa damu, huimwaga. Misuli iliyosalia ikizidiwa, chumba cha kushoto hutanuka na BNP hubaki juu. Ikihimili, BNP hushuka wiki hadi wiki. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye thamani kubwa zaidi: kipimo cha pili, baada ya siku au wiki kadhaa, hueleza mwelekeo ambao kipimo kimoja hakiwezi kuuonyesha.

Zipo mashine za kushika mkononi zinazopima troponini. Mhudumu hudondosha damu kidogo kwenye kikasha chembamba, hukichomeka, na kingamwili zilizomo ndani hunasa troponini. Majibu hutoka kwa takribani dakika kumi. Kwa mgonjwa wa mbali hilo ni muhimu: kutoka Nachingwea hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500. Mashine ya namna hiyo inastahili kuwa karibu na mgonjwa, isaidie kuamua nani asafirishwe leo.

Namba hizi husomwa kwa uangalifu. Figo zikidhoofika, troponini na BNP hupanda hata bila mshtuko mpya, na uzee nao huzipandisha. Kipimo cha figo, cha umeme wa moyo na cha ultrasaundi ya moyo bado vinahitajika. Saa nazo zina uzito: kiwango kilekile cha troponini kinaweza kuwa kinapanda au kinashuka. Mhudumu akiuliza maumivu yalianza lini, jibu la “juzi usiku, tulipokuwa tunakula” litamsaidia kusoma majibu kuliko “siku nyingi”.