Je, Wajua? Hapa Ni Wapi?

Je, wajua kwamba katika majimbo 6 ya uchaguzi ya Kaunti ya Mombasa, ni Mvita peke yake lililo kisiwani? Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu yote yako bara. Hata uwanja wa ndege uko bara. Abiria ametua Mombasa, na kisiwa bado hajakikanyaga.

Je, wajua kwamba neno *bara* huhama pamoja na msemaji? Ukiwa mjini, bara ni Changamwe, ukishavuka daraja la Makupa tu. Lakini mkaazi huyohuyo wa Changamwe akimpokea mgeni kutoka Nakuru atasema, "Huyu ni mtu wa bara," wala hakosei. Bara limeshasogea, limeiacha Changamwe na kujikita huko juu. Zanzibar nako bara ni Tanganyika nzima. Kwenye kitabu cha jiografia cha mtoto wa shule, bara ni Afrika yote, kisiwa na wanaokizunguka ndani yake. Wako wanaosema huu ni ulegevu wa lugha. Mimi naona ni imani: msemaji anaamini kwamba msikilizaji ajua wamesimama wapi.

Je, wajua kwamba *ng'ambo* haina makao? Kwa aliye kisiwani, ng'ambo ni Likoni. Avuke, ashuke, ageuke nyuma: ng'ambo sasa ni kule alikotoka. Kijana akiondoka kwenda kutafuta kazi Ughaibuni, yeye pia huitwa mtu wa ng'ambo. Mjini Unguja neno hili liliganda likawa jina. Ng'ambo ulikuwa mtaa wa upande wa pili wa hori lililoutenga na Mji Mkongwe. Hori lilifukiwa, magari yapita juu yake, na mtaa bado waitwa Ng'ambo.

Likoni nayo ni vivyo hivyo. *Liko* ni mahali pa kushukia vyomboni, penye kuegesha mashua, kwa hiyo kila gati lingeweza kuitwa likoni. Moja tu ndilo lililobaki na jina.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina maneno 9 pale ambapo Kiingereza hujikimu na mawili? Hapa, hapo, pale. Huku, huko, kule. Humu, humo, mle. Ya kwanza katika kila kundi ni ya kwangu, ya pili ni ya kwako au ya jambo tulilokwisha kulitaja, ya tatu iko mbali nasi sote. Kijapani nacho hugawa hivyo: *kore*, *sore*, *are*. Penye foleni ya feri nilimsikia mama mmoja, beseni la mihogo miguuni, akisemezana na mwanawe kwa simu.

"Niko hapa."

"Hapo wapi?"

"Hapa feri."

"Feri ya ng'ambo gani, mama?"

Sikiza *hapa* ya mama ilivyogeuka *hapo* kinywani mwa mtoto, papo kwa papo, bila yeyote kufundishwa. Mwaka 1934 mwanasaikolojia Karl Bühler aliandika kwamba maneno ya namna hii yote yana kitovu kimoja: mimi, hapa, sasa. Kwenye simu vitovu ni viwili, na mihogo ilikuwa ikingoja.

Je, wajua kwamba majirani zetu wa Madagascar huongeza swali jingine: kitu chaonekana au hakionekani? Kimalagasi kina *ety* kwa hapa panapoonekana na *aty* kwa hapa pasipoonekana. Tena wana *sisi* mbili. *Isika* ni mimi na wewe pamoja. *Izahay* ni sisi, wewe ukiwa nje. Kiswahili hakina mgawanyo huo, ila kina *twende* kwa wawili na *twendeni* kwa kundi.

Je, wajua kwamba mwenyeji wa asili wa Mvita akikwambia "Ndoo!" hataki ndoo? Anakwita uje. Kwake *njia* ni *ndia*, na *njoo* ni *ndoo*. Mgeni huenda bombani.

Je, wajua kwamba kwa Kihindi na Kiurdu *kal* ni jana na pia ni kesho? Kitenzi ndicho hukata shauri. Sisi tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo.

Je, wajua kwamba Jumatano na Alhamisi zote mbili ni siku ya tano? Jumatano huhesabiwa kutoka Jumamosi, Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Na kwa kuwa siku ya Kiislamu huanza jua likichwa, mzee wa Kisauni akikualika maulidi usiku wa Ijumaa, huenda akawa na maana ya Alhamisi baada ya magharibi. Muulize mapema. Pilau haingoji.

Je, wajua kwamba Makka iko kaskazini yetu karibu kabisa? Longitudo yake ni 39.8 mashariki, ya Mombasa ni 39.7. Ndiyo maana wazee wa pwani walilitumia neno *kibla* kwa maana ya kaskazini. Jakarta kibla ni upande wa magharibi, na Istanbul ni kusini-mashariki.

Je, wajua kwamba *kulia* ni mkono wa kulia chakula? Panda feri kisiwani, uelekee Likoni: bahari kuu iko kushoto, bandari ya Kilindini kulia. Ukirudi jioni zimebadilishana. Wazungumzaji wa Guugu Yimithirr, lugha ya Queensland, Australia, iliyowapa Wazungu neno *kangaruu* mwaka 1770, hawasumbuliwi na hilo. Wao husema kaskazini na kusini hata kwa kikombe kilicho mezani.

Na je, wajua kwamba mtu aweza kusema anakuja huku anakwenda? Angalia barazani, Kisauni au Likoni, jirani anapoinuka. Amekupa mgongo, kiatu kimoja kishavaliwa, anasema, "Naja." Hesabu yake imeanzia kule mwisho, atakaporudi. Basi kiti chake hakikaliwi.