Dizeli Huwakaje Bila Cheche?

Injini ya petroli huhitaji cheche ya plagi ili mafuta yawake. Injini ya dizeli haina cheche hiyo, na bado lori lake hupanda mlima likiwa na tani za shehena. Moto hutoka wapi?

Hutoka kwenye hewa. Pistoni ikipanda, hewa iliyojaa silinda hubanwa hadi kubaki takriban sehemu 1 kati ya 18 ya ujazo wake. Halijoto hupita nyuzi 500 za Selsiasi, nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka papo hapo. Kisha gesi hutanuka na kuisukuma pistoni chini. Kwa kufanya kazi hiyo, yenyewe hupoa.

Kinachopanda na kushuka humo ni nishati ya ndani: jumla ya nishati ya molekuli za kitu, ile ya mwendo wao na ile itokanayo na kuvutana kwao. Mwendo wa lori lenyewe hauhesabiwi.

Nishati hiyo huongezwa kwa joto au kwa kazi. Katika miaka ya 1840, Mwingereza James Joule alikoroga maji kwa makafi yaliyozungushwa na vyuma vizito vilivyoshuka kwa kamba. Maji yakapata joto pasipo moto. Kwa vipimo vya leo, kazi ya jouli 4,186 hivi hupandisha kilo 1 ya maji nyuzi 1. Mwaka 1850, Mjerumani Rudolf Clausius akaandika hesabu yake: chukua joto lililoingia, toa kazi ambayo kitu kimeifanya, kinachobaki ni badiliko la nishati ya ndani.

Nishati hii ni kama salio la simu, lisiloonyesha kama fedha ziliwekwa na wakala au zilitumwa na ndugu. Ukipewa maji ya nyuzi 60, hutajua kama yaliinjikwa au yalikorogwa.

Wala kipimajoto hakisomi salio lote. Maji yanayochemka usawa wa bahari hubaki nyuzi 100 hata ukichochea kuni. Kilo 1 ikigeuka mvuke humeza kilojouli 2,257 hivi: kama 170 husukuma hewa ya nje ili mvuke upate nafasi, na zaidi ya 2,000 huzitenganisha molekuli zilizoshikamana. Hizo zaidi ya 2,000 ndizo huongeza nishati ya ndani. Ndiyo maana mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya nyuzi zilezile: ukigusa ngozi hurudi kuwa maji, na nishati hiyo huishia mwilini.